Binti yangu huziba mdomo anapotaka kucheka

Ndugu Mshauri,

Nakusalimu katika jina la Bwana kutoka Goma. Mimi ni mama wa watoto watatu, wasichana wa miaka 12 na 7 na mvulana wa miaka 10, na mume wangu ni shemasi katika kanisa letu la Kiprotestanti. Ninaogopa kwamba watoto wetu wanaijua imani kwa makatazo yake tu, na sijui nimweleze vipi baba yao bila kumvunjia heshima.

Miezi miwili iliyopita waumini wa mtaa walikusanyika sebuleni kwetu kwa maombi. Katikati ya sala kuku aliingia, akaanza kutembea juu ya viatu vya wageni, na kitinda mimba wetu akacheka kwa sauti. Baba yake akampigisha magoti mpaka wageni walipoondoka. Hakumchapa wala kumtukana, maana si mtu wa hasira. Lakini tangu siku ile mtoto huyo akitaka kucheka, hata tukiwa tunakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sisi kwa sisi, huziba mdomo kwa kiganja na kumtazama baba yake kwanza.

Siku zao zimejaa mambo mema: shule, kuchota maji kwa bidoni, kwaya Jumamosi, ibada Jumapili, sala ya familia kila jioni. Sina neno juu ya hayo. Lakini mchezo haukuachiwa nafasi yoyote. Mvulana alijichongea chukudu ndogo, yaani kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mguu, mfano wa zile kubwa zinazobeba viazi na makaa hapa mjini, nayo ikafungiwa stoo kwa sababu barabarani kuna watoto wenye maneno machafu (jambo ambalo ni kweli). Dada yake alikatazwa nzango, mchezo wa wasichana, eti kurusha miguu kwa makofi na nyimbo kunafanana na ngoma za baa.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma, kwa maana nakumbuka mambo mengine. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye mamlaka zikaagiza sehemu kubwa ya mji ihame, sisi tulielekea mji mdogo wa Sake kwa miguu pamoja na maelfu ya watu. Tulilala nje, katika kiwanja cha kanisa. Asubuhi wasichana wasiofahamiana walijipanga mistari miwili wakacheza nzango, binti yetu mkubwa akiwa miongoni mwao, na mume wangu, aliyechoka na kujaa vumbi, aliketi kando akiwahesabia pointi. Nilimwona akitabasamu.

Nilipomkumbusha, alijibu kwamba ile ilikuwa siku ya shida na sasa ni wakati wa malezi. Nilimwonyesha Zekaria 8:5, mahali nabii anaposema njia za mji zitajaa wavulana na wasichana wakicheza. Akasema hayo yanahusu Yerusalemu. Sikuwa na jibu. Nami pia nikiri kwamba kwa miaka hii ya hofu nimeacha kucheza na watoto wangu.

Wiki iliyopita umeme ulikatika baada ya sala, nikatega kitendawili gizani, na baba yao akatega cha pili. Je, nianzie hapo, kidogo kidogo kila jioni, kabla ya kuomba chukudu itolewe stoo? Je, nimshirikishe mchungaji wetu, au kufanya hivyo kutamwaibisha mume wangu mbele ya kanisa analolitumikia? Zaidi ya yote, nimwambie nini yule mdogo ili ajue kwamba kicheko chake hakikumchukiza Mungu, bila kumfundisha kuidharau adhabu ya baba yake?

Mama wa watatu,
Goma