Barua ya mwisho wa muhula wa kwanza: vibao vya Arduino na pipa la maji

Lubumbashi, Desemba

Papa na Mama wapendwa,

Buletini (ripoti za alama) zitatolewa Ijumaa kuanzia saa nne asubuhi. Aje mzazi au mlezi mwenyewe, si kaka wa mtoto. Siku ya kufungua Januari itabandikwa mlangoni. Hayo mmeyazoea. Leo nataka kusema juu ya zile nyaya mnazozikuta kwenye mifuko ya watoto wa mwaka wa saba na wa nane.

Muhula huu mwalimu wa teknolojia amewafundisha kwa kutumia Arduino, kibao kidogo cha kutosha kiganjani, chenye chipu inayopokea programu kutoka kwenye kompyuta. Mtoto anaandika maagizo, anachomeka waya, na kibao kinatii. Kilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi ambao si mafundi wa umeme. Nakiri nilikipinga. Niliona ni michezo, tena vibao sita kwa watoto thelathini na mmoja!

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwasha na kuzima taa moja ya ledi kila sekunde. Msicheke. Ledi ina mguu mrefu na mguu mfupi. Ukiigeuza haiwaki, na kompyuta haikuambii kosa liko wapi. Ukisahau rezista, kile kipande kinachopunguza umeme (sisi tunatumia ya ohm 220), umeme unazidi, maana pini moja ya kibao haifai kubebeshwa zaidi ya miliampia 20. Ledi nne zimekufa hivyo. Kibao kimoja nacho kilikufa baada ya mtoto kukiunganisha moja kwa moja na mota ya redio ya kaseti. Sasa vimebaki vitano. Hatukumtoza mzazi wake.

Baada ya zoezi la kuiga taa za barabarani, wavulana walitaka kuruka hadi kwenye maroboti ya kuongoza magari, kama yale ya Kinshasa ya injinia Thérèse Izay Kirongozi. Lakini msichana mmoja wa mwaka wa nane alikuja na shida ya kwao: maji ya bomba hufika usiku wa manane, na mama yake huamka mara tatu kuchungulia pipa. Akaweka nyaya mbili za shaba zilizomenywa karibu na ukingo wa ndoo yetu. Maji yakizifikia, umeme unapita kati yake, namba inayosomwa na kibao inabadilika, na kengele ndogo inalia. Ililia vizuri.

Nyaya zikaachwa majini juma zima. Jumatatu kengele iko kimya, na waya mmoja umeliwa, umepakwa kijani. Kijani kile kila mtoto wa Lubumbashi anakijua: kama cha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba! Umeme ulikuwa unapita majini usiku na mchana, ukiila shaba. Dawa aliipata yeye, si mwalimu: programu ipeleke umeme kwenye waya kwa kufumba na kufumbua tu, kila baada ya sekunde tano, kisha iukate. Siku hiyo niliacha kupinga. (Maji yaliyoguswa na nyaya hizo ni ya kufulia, msiyanywe.)

Likizo hii wataomba vitu vya kufungua. Redio mbovu ya betri, wapeni. Televisheni ya zamani, hapana, hata ikiwa imechomolewa: ndani yake umeme mkali hubaki. Chaja ya simu isifunguliwe. Ikiwa nzima inatosha kuwasha kibao, kwa sababu kinatumia volti 5. Volti 220 za ukutani si za mtoto.

Tunahitaji pia kebo za USB za printa, zile zenye kichwa cha mraba. Anayeona kebo ya namna hiyo imelala bure ofisini kwake aiombe kwa adabu.

Jumamosi za likizo chumba kitakuwa wazi saa tatu hadi saa sita, umeme ukiwepo. Anayetaka kusikia kengele aje na ndoo yake iliyojaa. Maji ya bomba letu siyaahidi.

Prefe wa masomo (mkuu wa shule)