Usiahirishe chuo kwanza, tupige hesabu ya mlezi

Shosti wangu,

Nimeisoma tena meseji yako sasa hivi mtoto amelala, nikaona bora nikujibu kwa kirefu kabisa maana haya mambo ya kutumiana vipande vipande hatutafika popote. Kwanza hongera sana kwa kuchaguliwa chuo, nimefurahi mno. Halafu hilo wazo la kuahirisha mpaka mtoto akue kidogo naomba liweke pembeni kwanza, usiandike barua yoyote ya kuahirisha kabla hatujalimaliza hili.

Ninachotaka ukishike ni kwamba hela ya mlezi ni sehemu ya ada. Watu wanapiga hesabu ya chuo wanaweka ada, chumba, nauli, vitabu, hela ya kula, mtoto anabaki kwenye "tutaona", na hapo ndipo muhula unapomshinda mtu. Bila mlezi hauingii darasani, sasa ada umelipia nini? Kwa hiyo iandike humo humo, kwa mwezi na kwa muhula mzima, na ukienda kuongea na baba mtoto au wazazi au ofisi ya ushauri wa wanafunzi waoneshe hiyo karatasi. Mtu akiona kiasi na mwisho wake anajua achangie nini, ila ukimwambia tu "nina shida ya mtoto" anaona mzigo usio na mwisho anakaa kimya. Na uliza hapo chuoni kama kuna mfuko wa wanafunzi wenye watoto, vyuo vingine vinao na hawautangazi sana, unaupata kwa kuuliza.

Umeshangaa bei ya kulelewa watoto wachanga ilivyo kubwa. Sababu yake ni mikono. Mtoto mdogo anataka mtu mzima karibu muda wote, Uingereza kwa mfano sheria inataka mlezi mmoja asizidishe watoto watatu kama wana chini ya miaka 2, sasa mshahara wa mtu mmoja unagawanywa kwa watoto watatu tu, lazima iume. Ndiyo maana ukikuta mahali bei iko chini sana kwa wachanga usifurahi haraka, uliza mlezi mmoja ana watoto wangapi.

Lakini mwenzangu, hata kabla ya bei, angalia masaa. Ratiba ya chuo na ratiba ya deikea, yaani kituo cha kulelea watoto mchana, haziendani hata kidogo. Deikea imepangwa kwa mtu wa ofisini, anaacha mtoto asubuhi anamchukua jioni kila siku, wewe una kipindi asubuhi, katikati hamna kitu, halafu maabara jioni, na mtihani unaweza kuwekwa jumamosi. Mimi mhadhiri wangu alihamisha kipindi kwa meseji ya usiku, kesho yake nikachelewa, nimefika wamefunga, mtoto yuko getini na mlinzi, begi mgongoni, kiatu kimoja kimefunguka, halii wala nini ananiangalia tu. Nikalipishwa na hela ya kuchelewa. Kwa hiyo uliza mapema: wanafunga saa ngapi kwelikweli, ukichelewa wanakata kiasi gani, wanapokea nusu siku, likizo ya chuo unaendelea kulipa au la, na mtoto akiwa mgonjwa siku hiyo inahesabika? Haya yote yanabadilisha bei kuliko ile bei wanayokutajia mlangoni.

Ukienda kuangalia mahali nenda bila kuwaambia, saa nne au saa tano asubuhi, siyo saa ya kupokea watoto wakati kila mtu anatabasamu. Kuna sehemu niliingia nikakuta wachanga wamepangwa kwenye viti mbele ya tivii na hakuna anayeongea nao, nikatoka. Pale nilipompeleka wangu dada alikuwa anabadilisha nepi huku anaongea na mtoto, akamaliza akanawa mikono ndiyo akamshika mwingine. Hilo la kunawa ndilo lililonivuta. Angalia pia wanawalazaje, mtoto mchanga analala chali, wakikwambia wanamlaza kifudifudi ili asisumbue ondoka.

Kuhusu maziwa usiogope, huhitaji kumwachisha. Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu, na unaweza kukamua. Yakikamuliwa yanakaa masaa 4 kama chumba hakijazidi nyuzi 25, kwenye friji mpaka siku 4, andika tarehe kwenye chupa. Akinywa akabakiza, yakipita masaa mawili yanamwagwa, mwambie mlezi asiyarudishe kwenye friji kwa huruma. Na chuoni omba chumba chenye mlango unaofungwa. Choo siyo sehemu ya kukamulia chakula cha mtoto, usikubali.

Umeuliza pia kuhusu likizo ya uzazi. Hapo ndipo tunaposahaulika, mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unasema mama apate likizo isiyopungua wiki 14, ila ni kwa mwenye ajira. Mwanafunzi unategemea kanuni za chuo na roho ya mkuu wa idara. Inaniuma sana hii. Kwa hiyo soma kanuni za mahudhurio mapema na ombi lolote liwe kwa maandishi, siyo la kuongea kwenye korido.

Lile wazo lako la kupokezana watoto na wanafunzi wenzako ni zuri kwa vipindi vya kawaida, ila kwenye mitihani halifanyi kazi, wote mna mitihani wiki zile zile. Ningekuwa wewe ningetafuta wawili tuajiri dada mmoja kwa pamoja, muandikiane kabisa nani analipa nini na mmoja akisafiri inakuwaje, na dada alipwe kwa tarehe, mlezi asiyelipwa kwa wakati anaondoka katikati ya muhula na ana haki. Halafu kila mmoja awe na mtu wa pili wa kumpigia siku mtoto ameamka na homa, kwa sababu deikea haimpokei mtoto mwenye homa na dada naye kuna siku anaumwa.

Lile wazo la mama yako kukaa na mtoto mbali na wewe muhula mzima mimi bado sijakubaliana nalo, mtoto bado ananyonya, lakini aje akae na nyinyi zile wiki za mitihani, hilo muombe hata leo.

Ratiba ikitoka tu nitumie picha, nikae nayo na yale masaa ya yule mama mlezi wa karibu na hosteli, nikwambie yanaingia wapi na wapi pana pengo.

Mbusu mtoto.