Taarifa za vita zitaje aliyesema

Ndugu Mhariri,

Kila asubuhi, barazani kwetu hapa Ngamiani, ukurasa wenu wa vita vya Ukraine husomwa kwa sauti, na kila asubuhi wasikilizaji huondoka wakibishana, kwa kuwa taarifa imeandikwa hivi kwamba kila mmoja husikia lake.

Tatizo kubwa limo katika neno moja. Makao makuu ya jeshi la Ukraine hutangaza kila siku hasara ya askari wa Urusi, na hesabu hiyo hujumlisha waliouawa na waliojeruhiwa. Ninyi huiandika "waliouawa". Mtu wa Tanga hahitaji kwenda mbali kuona uzito wa kosa hilo. Mapema Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, wakapigwa na kikosi cha kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, cha watu kama 1,000 hivi (na nyuki waliowashambulia vitani, ambao wazee wetu hawakubali wasahauliwe). Hasara ya Waingereza ilipita watu 800, lakini waliokufa hawakufika nusu yao. Mwandishi wenu angewazika wote.

Lingine ni kuandika kwamba mji "umetekwa" bila kusema ni nani aliyetamka hivyo. Chukueni mfano wa mji wa Soledar, mashariki mwa Ukraine, Januari 2023: kiongozi wa Wagner, kundi la mamluki wa Urusi, alidai ameutwaa usiku wa tarehe 10, Wizara ya Ulinzi ya Urusi ikatangaza tarehe 13, na jeshi la Ukraine likakiri kuondoka tarehe 25. Msomaji asiyeambiwa msemaji angedhani mji huo ulitekwa mara tatu. Kunyamaza nako ni taarifa, maana habari ya kushindwa kwao hapa Tanga Waingereza waliificha wananchi wao kwa miezi kadhaa.

Kuhusu idadi ya mashambulizi katika mwelekeo (yaani sehemu ya uwanja wa vita) wa miji ya Pokrovsk, Kupiansk na kwingineko, nitasema machache. Mashambulizi mengi kwa siku moja hayamaanishi kwamba mstari wa mbele wa vita umesogea, na mstari wenyewe una urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, karibu mara tatu ya njia ya basi kutoka hapa hadi Dar es Salaam. Kuyajumlisha yote na kuandika kwamba mapigano "yamepamba moto" hakumwelezi msomaji ni wapi na nani amepata nini.

Siombi kurasa zaidi. Naomba kila dai litanguliwe na jina la aliyelitoa, na pembeni iwekwe ramani ndogo, hata isiyo na rangi, kwa sababu jirani yangu wa barazani hadi leo anaamini kwamba Kharkiv ya kaskazini-mashariki na Kherson ya kusini zimepakana, kwa kuwa ninyi huzitaja zikifuatana.

Wako,
Msomaji wa Ngamiani, Tanga