Maneno ya kuchagua na kuamua

Ndugu wanakikundi,

Wiki hii tunajifunza maneno ya Kiingereza ya kuchagua na kuamua, nami nawasihi myakariri pamoja na maneno yanayoandamana nayo, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujikwaa. "Prefer" (kupendelea) hufuatwa na "to", kama katika "I prefer walking to driving" (napendelea kutembea kuliko kuendesha gari), ilhali "would rather" (ni afadhali) huhitaji "than" na kitenzi kisichotanguliwa na "to": "I would rather walk than drive". Kufanya uamuzi Waingereza husema "make a decision", na katika mazungumzo rasmi hata "take a decision", lakini "do a decision" si sahihi. "Choose" (kuchagua) katika wakati uliopita ni "chose". Tafadhali kila mmoja atume sentensi mbili kuhusu uamuzi wake halisi kabla ya Ijumaa jioni, nitazipitia zote.