Ile namba ya mita kwenye skrini

Kaka Shabani,

Vipi hali, shemeji na watoto wazima? Meseji yako niliipata juzi, nimefurahi sana kwamba droni imefika salama, ila pale uliposema skrini inaonyesha mita za kimo cha droni mpaka desimali kwahiyo hapo huna wasiwasi, hapo kaka umeninyima usingizi, nikaona nikuandikie kirefu kabla hujaipeleka Lushoto.

Ile namba haipimi kutoka droni mpaka ardhi iliyo chini yake, inapima kutoka pale ulipoirushia, pale mota zilipowaka ndo sifuri. Ukirushia juu ya paa la ghorofa Kariakoo itakuandikia 0 wakati chini watu wanaonekana kama siafu, na ukisimama pale Irente, kwenye ukingo wa mlima Lushoto, ukaishusha kufuata ule ukuta wa mlima inaanza kuandika hasi na bado iko angani kabisa.

Mimi nililijua hili kwa hasara. Nilikuwa napiga picha za ramani ya shamba la mzee mmoja hukohuko Usambara, nimesimama bondeni kando ya mto, urefu wa kurudi nyumbani (kimo inachopanda droni kabla ya kurudi yenyewe mawasiliano yakikata) nimeweka mita 40 nikijua miti ya pale mtoni haifiki hata 20. Droni ikazunguka kona ya kilima kufuata mto, mawasiliano yakakata, ikafanya vilevile nilivyoiagiza, ikapanda mpaka 40 ikanyoosha kurudi kwangu, na kati yetu kuna mgongo wa kilima wa mita kama 30 na juu ya mgongo mikaratusi imesimama. Tuliitafuta saa nzima. Tuliikuta inaning'inia kichwa chini, mkono mmoja umevunjika, jani la mkaratusi limejisokota kwenye mota mpaka limenyonga shafti.

Na hata hiyo 40 yenyewe sio 40 kamili. Ndani kuna baromita ndogo inasoma mgandamizo wa hewa, karibu na usawa wa bahari hektopaskali 1, ndo kipimo cha mgandamizo huo, ni kama mita 8 za kimo, kwahiyo kitu chochote kinachogusa hewa kinagusa na namba yako: upepo, mvua inayokuja, droni ikienda kasi, hata ikitoka kwenye gari lenye joto ukairusha hapohapo. Alafu huku kwetu karibu na ikweta hewa ina kupwa na kujaa kwake kila siku, mgandamizo unapanda mpaka kwenye saa nne asubuhi kisha unashuka mpaka saa kumi jioni, tofauti inaweza kufika hektopaskali 3. Yaani ungeiacha imewaka mezani muda wote huo ingekuandikia iko mita ishirini na kitu hewani! Kwa betri moja ya dakika 25 ni mita moja au mbili tu, ndo maana saa ingine unatua, miguu iko kwenye nyasi, skrini inasema 1.8.

Utaniambia si kuna GPS. Ipo, lakini satelaiti zote ziko juu yako, chini ya miguu yako hakuna hata moja maana dunia imeziba, kwahiyo kosa la kimo kwa kawaida linazidi kosa la kulia na kushoto. Na kimo chake kinaanzia kwenye umbo la dunia la kimahesabu, sio usawa wa bahari, kwa pwani yetu tofauti inapita mita 20, usije ukashangaa picha za ufukweni zikikuambia uko chini ya bahari.

Kwenye ramani ndo inauma zaidi. Umepanga droni iruke mita 60 na kila picha ipandane na inayofuata asilimia 70, ardhi ikipanda mita 30 chini ya droni kila picha inashika nusu ya upana, kupandana kunabaki 40, programu inashindwa kuziunga na unarudi na matundu.

Siku hizi narushia sehemu ya juu kabisa ya shamba, na nikihamia sehemu nyingine kubadili betri naweka upya urefu wa kurudi, maana sifuri nayo imehama. Zile sensa za tumboni, zinazoangalia ardhi iliyo chini ya droni, naziamini mita chache za mwisho wakati wa kutua, na juu ya maji siziamini kabisa.

Sasa niambie Jumamosi unasimama wapi, kama ni kule kwa babu nitumie picha ya kile kilima cha nyuma ya nyumba na ile miti yake, usirushe kabla sijakujibu.

Wako,
Idi