Bonanza la siku moja sio programu ya vijana

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu hizi programu za polisi na vijana wa mtaani, maana kila nikifungua gazeti au simu nakutana na picha ya kamanda anakabidhi jezi na mipira, watu wanapiga makofi, halafu basi, hamna tena anayeulizia wale vijana wameishia wapi.

Niseme mapema sina ugomvi na jeshi la polisi, nina ndugu humo, na mimi mwenyewe ni kocha wa madogo wa mchangani huku Mbagala kwahiyo jezi nazipenda kuliko wengi. Ila tuambiane ukweli, bonanza la Jumamosi moja sio programu bana. Linakujaje? Linafungwa turubai, spika zinapigwa toka asubuhi, MC anachekesha, kunakuwa na kuvuta kamba na kukimbiza kuku, mgeni rasmi aliyesemwa saa nne anafika saa nane watoto washachoka na njaa, fainali inapigwa haraka haraka, mshindi anachukua mbuzi, halafu hotuba, acheni bangi, acheni unga, msikae vijiweni, toeni taarifa za wahalifu. Saa kumi na mbili turubai linafunguliwa. Mpaka mwakani, kama kutakuwa na mdhamini.

Sasa kilichotokea huku kwetu ndio kilichonifanya niandike. Baada ya bonanza moja kama hilo, hata jezi hazijapauka, ulikuja msako usiku, difenda ya polisi ikasimama pale maskani na kila aliyekuwepo akapandishwa, kulikuwa na deiwaka ametoka kuosha gari, kulikuwa na saidia fundi, na kulikuwa na madogo wangu wawili wamevaa zile zile jezi za bonanza, mgongoni zimeandikwa POLISI JAMII. Kosa? Uzururaji. Mama zao wakazunguka usiku kucha kutafuta hela ya kuwatoa wakati ukutani pale kituoni pamebandikwa dhamana ni bure. Kituo sikitaji na wale askari nao walitumwa tu. Ila kamuulize sasa yule dogo kama atakuja tena kukimbiza kuku mbele ya afande.

Na hii habari ya uzururaji wakubwa waiangalie kweli. Ipo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 176 na 177, tumeirithi kwa mkoloni ambaye hakutaka kumuona Mswahili amekaa mjini bila shughuli anayoijua yeye. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko hapa hapa kwetu Arusha, Desemba 2020 ilitoa maoni baada ya kuombwa na umoja wa mawakili wa Afrika, PALU, ikasema sheria za namna hii haziendani na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu na nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Ni maoni ya ushauri, sawa, sio hukumu, lakini yalitolewa kwenye ardhi yetu na bado kijana asiye na ajira anajua kukaa barazani usiku ni hatari. Unamwambia njoo tushirikiane huku unamkamata kwa kukaa, ataamini kipi?

Watu wanasahau tulishapata onyo. Januari 2015 jiji zima la Dar lilikimbia kisa Panya Road, lile kundi la vijana wa mapanga, Magomeni, Kinondoni, Sinza maduka yalifungwa, watu wamejifungia ndani, na wengi walikuwa wanakimbia uvumi tu. Ikafuata kamata kamata, vijana wakasombwa kwa mamia, mji ukatulia tukajipongeza. Mwaka 2022 jina likarudi tena, mapanga tena, na safari hii watu wakauliwa kweli. Hebu fanya hesabu kidogo. Mtoto aliyekuwa na miaka nane ile 2015, yuko darasa la pili anachezea chandimu uani kwao, 2022 alikuwa na miaka kumi na tano, ndio umri wenyewe huo wa kubeba panga na kutembea kikundi. Tulikuwa na miaka saba ya kumjua yule mtoto kwa jina. Saba! Nani alitumwa kwake katika hiyo miaka? Mimi nilikuwepo mtaani na niliona mabonanza, niliona matamko, sikuona afande anayejua jina la mtoto.

Na sio kwamba mpango haupo kwenye makaratasi. Polisi jamii ilishika kasi enzi za mkuu wa jeshi la polisi, IGP Said Mwema, aliyeingia 2006, tukaambiwa sasa polisi na raia ni kitu kimoja, ikaja ulinzi shirikishi, raia wenyewe wanalinda mtaa wao, siku hizi kuna polisi kata kabisa, yaani askari aliyepangiwa kata, na kuna ile kampeni ya Familia Yangu Haina Mhalifu. Hata madawati ya jinsia na watoto, kwa haki kabisa niwasifie, kuna wadada wa dawati wanaingia mashuleni wanaongea na watoto kuhusu ukatili vizuri na baadae mtoto akipata shida anajua aende kwa nani. Hao ni kwasababu wana sura, mtoto anamjua afande fulani. Hiki ndicho ninachokililia kwa hawa vijana wakubwa wa mtaani pia.

Mfano mzuri ninaoujua sio wa kwetu, ni wa Muhammad Ali. Wengi wanajua alikuwa bingwa, wachache wanajua aliingiaje kwenye ngumi. Mwaka 1954 kule Louisville, Marekani, akiwa na miaka kumi na mbili anaitwa bado Cassius Clay, aliibiwa baiskeli. Akaenda kulalamika kwa polisi aliyekuwa karibu, anaitwa Joe Martin, huku analia na kuapa atampiga mwizi, na yule polisi akamwambia kabla hujaenda kupiga watu ujifunze kwanza kupigana. Martin alikuwa na gym ya ngumi pale pale anafundisha watoto, weusi na weupe, wakati ule kwenye mji wenye ubaguzi. Dogo akaingia. Miaka sita baadae, 1960, akachukua medali ya dhahabu kwenye Olimpiki ya Roma, na Martin bado alikuwa naye. 

Mi hapo sioni habari ya ubingwa. Naona kwamba yule polisi alikuwepo. Mtoto kaibiwa leo, kesho akija gym afande yupo, wiki ijayo yupo, mwakani yupo. Angekuwa ni afande wa bonanza angempa Clay fulana na peremende akaondoka zake.

Na hao hao Wamarekani wametupa na mfano wa kufeli. Mwaka 1983 polisi wa Los Angeles walianzisha mpango unaitwa D.A.R.E., askari na yunifomu yake anaingia darasani anafundisha watoto wasitumie madawa ya kulevya, ikapendwa balaa, ikasambaa nchi nzima na nje, fulana, stika, kila kitu. Watafiti wakawafuatilia watoto miaka na miaka, na mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya bunge lao ikapitia tafiti hizo ikasema haioni tofauti ya maana kwenye utumiaji wa madawa kati ya watoto waliofundishwa na wasiofundishwa. Baadae wakabadilisha mtaala. Hotuba peke yake haijamuachisha mtu bangi Marekani na itamuachisha Mbagala? Huku kijana anajua madhara ya unga kuliko anayemhutubia, kaka yake ni teja anamuona kila siku pale stendi.

Kwetu tuliwahi kumpata wa kwetu. Alikuwepo afande mmoja, cheo chake kidogo tu, anakuja jioni na bukta yake anacheza namba sita, anagombana na refa kama sisi, anamuuliza dogo mbona juzi sijakuona. Kuna madogo walikuwa wanampelekea habari ambazo mimi kocha sijawahi kuambiwa, sio za kuchoma wenzao, ni za nyumbani, baba kamfukuza, hajala, fulani anamtaka aende nae safari ya usiku asiyoielewa. Akapata uhamisho. Aliyekuja baada yake hata uwanja haujui uko wapi, na sio kosa lake, hakuna aliyemkabidhi ule uwanja, amekabidhiwa mafaili na bunduki.

Kwahiyo maombi yangu kwa wahusika, kuanzia makao makuu mpaka mkuu wa kituo. Polisi kata anayefanya kazi na vijana msimhamishe hamishe, na akihamishwa amlete mwenzie uwanjani na kijiweni amtambulishe kama anavyomtambulisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hela ya bonanza moja, turubai, spika, MC, usafiri wa wageni, ikiletwa kidogo kidogo inaendesha ligi ya mtaa muda mrefu tu, sisi tunajua bei za mipira. Na msako ukipangwa, polisi kata aulizwe kwanza, yeye ndio anajua nani muuza unga na nani saidia fundi.

Halafu kuna hawa vijana wa ulinzi shirikishi. Wanalinda usiku na kirungu na filimbi, wanalipwa na michango ya nyumba ambayo nusu ya nyumba hazitoi, hawana mafunzo ya maana, wakiumia ni juu yao, na baadhi yao wakikosa hela wanaanza kuwageukia wapita njia, tusifichane. Hawa ndio wangekuwa wa kwanza kusaidiwa na polisi waunde vikundi wasajiliwe waingie kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, nne ni ya vijana kisheria. Kikundi kinachojulikana na polisi kata kinashindwaje kupata barua ya utambulisho? Lakini hakuna anayewaambia, wanaambiwa tu lindeni.

Ligi yetu inaanza karibuni, mechi ni jioni kila siku za kazi. Kama kuna polisi kata wa huku anasoma hii barua aje, hata bila jezi na bila mgeni rasmi, aje na bukta. Na kama hachezi basi ashike filimbi, marefa hatuna.

Kocha wa mchangani,
Mbagala, Dar es Salaam