"Kudhani" kumebebeshwa mzigo usio wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kitenzi kimoja cha Kiswahili ambacho sisi wafasiri tumekitwisha kazi ya vitenzi vitano au sita vya Kiingereza.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Kibosho alishuka hapa Moshi mjini akiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na tafsiri niliyomfanyia ya uamuzi wa shauri la mpaka wa kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani. Aliifungua mezani, akaweka kidole chini ya sentensi iliyosema kwamba mahakama "ilidhani" mpaka unafuata mstari wa masale, mimea tunayopanda kuwa alama ya mpaka, hadi kwenye mfereji, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, walidhani tu? Basi nani alikuja kuangalia?" Nilirudi kwenye nakala ya Kiingereza nikakuta "assumed", na aya iliyotangulia ilikuwa imeeleza wazi kwamba hakuna upande uliobishia mstari ule wa masale, kwa hiyo hakimu aliuchukua kuwa jambo lililokwisha kukubaliwa ili aingie kwenye lile lililogombaniwa, yaani migrevilea iliyopandwa ng'ambo ya mfereji. Mzee alikuwa amekaa na karatasi ile wiki mbili akiamini kwamba haki yake imekisiwa. Kosa lilikuwa langu, na limeninyima usingizi.

Katika Kiswahili cha kila siku, mtu akisema "nilidhani umeshakula", msikilizaji anajua papo hapo kwamba dhana hiyo imeonekana si kweli. Tena kumdhania mtu mara nyingi ni kumshuku. Kitenzi chenye harufu hiyo hakiwezi kusimama mahali pa kila neno la Kiingereza linalohusu kulishika jambo kuwa kweli kabla ya kulithibitisha, kwa sababu Waingereza wenyewe wameyatenganisha maneno hayo, na asili zake za Kilatini zinaonyesha njia. "Assume" imetokana na kujitwalia kitu. "Presume" ni kukitwaa mapema, nayo hutumika pale ambapo mtu ana sababu ya kuamini hivyo. "Suppose" ni kuweka kitu chini ya kingine, kama jiwe chini ya nguzo, na ndiyo picha ileile iliyomo katika neno la Kigiriki "hypothesis", tunalolitafsiri nadharia tete. "Postulate" imetoka kwenye kudai au kuomba: Euclid, aliyefundisha jiometria miaka 300 hivi kabla ya Kristo, alianza na mambo matano ambayo alimwomba msomaji amkubalie bila uthibitisho, lakini hakusema kwamba anayadhani.

Mwaka 1871 pale Ujiji, mwandishi wa habari Stanley alipomwendea mzungu mzee aliyekuwa akimtafuta kwa miezi mingi, alitumia "presume". Wengi hutafsiri "nadhani wewe ni Dk. Livingstone". Kwa maoni yangu "bila shaka wewe ni Dk. Livingstone" inakaribia zaidi, maana hakuwa akibahatisha.

Mahakamani ndiko jambo hili linakonisumbua zaidi, hasa baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, wakajulikana na watu kuwa mume na mke, sheria itachukulia kuwa walifunga ndoa halali, mpaka mwenye kupinga athibitishe vinginevyo. Mwanamke anayedai haki yake kwa kifungu hicho akisomewa kwamba "itadhaniwa" ameolewa, ataondoka akiona ndoa yake imetiliwa shaka, ilhali sheria imemwondolea yeye mzigo wa kuthibitisha na kumtwika mpinzani wake. Walioandika kwa Kiswahili Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 walilikwepa shimo hilo: hawakusema mshtakiwa atadhaniwa hana hatia, bali walipiga marufuku kumtendea kama mwenye kosa mpaka hatia yake ithibitike. Naiona kuwa kazi ya fundi wa lugha.

Upande wa sayansi, kosa letu ni "kupendekeza". Erasto Mpemba, ambaye baadaye alisoma katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, hapa juu yetu, aliona akiwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu unaweza kuganda kabla ya ule uliopoa. Sababu yake ingali inabishaniwa. Tukiandika kwamba wataalamu "wamependekeza" maji ya moto hupungua kwa mvuke, kitenzi kilichozaliwa na "penda" kinaifanya hoja yao isikike kama ombi kwenye kikao. Waliweka rai ili ipimwe, basi tuandike hivyo.

Maneno tunayo. Mwalimu wa hisabati husema "tuchukulie", vitabu vya zamani vilisema "tujaalie", mama wa ndizi sokoni Mbuyuni huanza hesabu yake kwa "tuseme", na watoto wakicheza husema "tufanye mimi ni daktari". Hakuna hata mmoja kati yao anayedhani. Ninaliomba Baraza la Kiswahili la Taifa liyapange maneno haya kwa matumizi yake, likianzia na ya sheria, na wafasiri wenzangu tuzipitie upya kazi tulizokwisha kuzikabidhi.

Mimi nimeanza na ya mzee wa Kibosho. Sentensi yake sasa inasomeka hivi: "Kwa kuwa hakuna upande uliobisha, mahakama imechukulia kwamba mpaka unafuata mstari wa masale hadi kwenye mfereji." Nilimpelekea mwenyewe nyumbani, akaisoma mara mbili, akaikunja na kuirudisha katika bahasha.

Mfasiri,
Moshi